Tiketi ya Kusindikiza

Andika kwanza, mjukuu wangu, kwamba baba yangu alizaliwa Tabora, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na mama yangu alizaliwa Ujiji, akaletwa Tabora kwa treni akiwa bibi harusi. Majina yao unayajua. Hayana haja ya kuwekwa hapa. Baba alikuwa mshika bendera. Alisimama jukwaani na bendera mbili, nyekundu na ya kijani, na treni haikusogea hata shubiri mpaka yeye ainue mkono. Nilikua nikiamini kwamba treni humngoja mtu. Liandike hilo vizuri, kwa sababu kosa langu lilianzia hapo.

Sikusoma. Kaka zangu wawili walipelekwa shule, mimi nikabaki nyumbani kumpikia baba chakula cha zamu na kumpelekea stesheni. Silalamiki, naeleza tu. Kwa kuwa sikujua kuandika nililazimika kukumbuka, na siku nitakayokusimulia naikumbuka yote, hata rangi ya ndoo iliyokuwa mlangoni. Ilikuwa ya bluu.

Kwetu mgeni haachwi kizingitini. Anapelekwa mpaka stesheni, na msindikizaji anapanda naye behewani, anaweka mizigo yake juu, anakaa pembeni yake kana kwamba wanasafiri wote. Filimbi ya kwanza inalia, hawashughuliki. Ya pili inalia, ndipo msindikizaji anashuka na kusimama dirishani, ameshika mkono wa msafiri mpaka treni ianze kusogea. Baba akiona mwanamke fulani bado yumo ndani anaagana na dada yake, bendera ya kijani ilibaki chini. Stesheni masta alimfokea kila wiki kwa ajili hiyo. Naye alijibu, "Bwana mkubwa, hawa hawajamaliza."

Nilipokuja huku Guangzhou, Uchina, kukulea, mama yako na baba yako walikuwa wamepanga chumba na sebule katika nyumba kuukuu nyuma ya stesheni, zilizojengewa wafanyakazi wa reli. Nilipoambiwa ni nyumba za reli nilifurahi. Furaha hiyo iliishia mlangoni. Kila dirisha lilikuwa na nondo, hata la ghorofa ya saba. Kila mlango ulikuwa na mlango mwingine wa nondo mbele yake. Nguo zilianikwa ndani ya nondo, maua yalipandwa ndani ya nondo, na wazee walikaa nyuma ya nondo wakitazama wazee wengine nyuma ya nondo ng'ambo ya uchochoro. Mama yako alikwenda dukani, mtaa wa Guangyuan Xilu, kabla hujaamka. Baba yako alishinda bandarini Huangpu akipakia makontena ya watu. Mimi nilibaki nawe. Sikuwa na lugha, sikujua namba za mabasi, na pasi yangu ya kusafiria ilikuwa ofisi ya uhamiaji ikingoja kuongezwa viza, nikapewa karatasi badala yake na kuambiwa nisitoke nje ya mji. Nje ya mji! Nilikuwa sitoki nje ya uchochoro.

Mama mwenye nyumba alikaa ghorofa ya chini yetu. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Jioni alipanda ngazi na chenza mfukoni kwa ajili yako, na mama yako akiwepo alitutafsiria kwa Kichina chake cha sokoni. Ndivyo nilivyoijua stesheni ya Guangzhou. Alisema ilifunguliwa yeye akiwa msichana, miaka ile ile Wachina wenziwe walipokuwa kwetu wakijenga reli ya Uhuru. Alianza kazi pale rangi ikiwa bado inanuka. Mabasi yalipita mbele yake machache, baiskeli nyingi, na nyuma yake palikuwa na mashamba ya mboga. Saa ile kubwa ya juu ilikuwa saa ya mji mzima. Maandishi mekundu, manne kila upande wa saa, yaliwekwa baadaye. Alinieleza maana yake nami nimeisahau, kwa sababu yalinifaa kama alama tu: nikiyaona, nimefika nyumbani.

Kisha watu wa mikoani wakaanza kushuka kwa maelfu kutafuta kazi viwandani. Wafanyabiashara nao walishuka na mifuko mitupu, hawakutaka kutembea mbali, basi wauzaji wakawafuata mpaka milangoni. Soko la Zhanxi lilipata jina lake hapo, maana yake magharibi ya stesheni. Nguo zote ambazo mama yako anafunga marobota kupeleka Kariakoo zipo pale kwa sababu treni zilisimama pale. Alituhadithia pia mwaka mmoja ambapo theluji ilifunga njia za kaskazini karibu na sikukuu yao, na watu wakajaa uwanja wa stesheni siku nyingi na miavuli yao, wamebanana hata aliyezimia hakuwa na mahali pa kuanguka. Yeye alikuwa dirishani, ndani ya kioo, akawatazama. Alisema mpaka leo akiona miavuli mingi pamoja hubadili njia.

Kazi yake pale, kwa miaka yote hiyo, ilikuwa kuuza tiketi za kusindikiza. Nilimwambia mama yako amwulize mara mbili kama nimesikia sawa. Ndiyo. Kijikaratasi cha sarafu moja, kinachomruhusu mtu asiyesafiri kuingia hadi jukwaani kumuaga anayesafiri, kisha arudi. Nilicheka siku hiyo, wewe ulistaajabu, hukuwa umeniona nikicheka. Nilisema, "Mwambie kwamba baba yangu angempenda." Mama yako akamwambia. Yule mama akapiga paja, akasema neno.

"Anasemaje?"

"Anasema wasindikizaji walimsumbua kuliko wasafiri. Wanalia, wanasahau kushuka."

Hilo nalo nililisikia. Nililisikia kwa masikio haya.

Sasa kuhusu kufuli. Mlango wetu wa nondo ulikuwa na kitasa chake, na mama mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wa akiba, kama ilivyo desturi ya wenye nyumba. Mimi sikuweza kulala katika nyumba ambayo mgeni ana ufunguo wake. Nilikuwa nimekuja na kufuli langu kutoka Tabora, la shaba, zito, lililokuwa la ghala la kaka yangu. Nikalitia juu ya kitasa. Kila nilipotoka kununua mboga nilifunga kufuli na ufunguo ukakaa shingoni mwangu kwa uzi. Baba yako alisema, "Mama, hapa hakuna wezi." Nilimjibu kwamba hata kwetu hawakuwepo mpaka walipokuja.

Wakati huo akaja bibi yako mwingine, mama wa baba yako. Alikuja na wenzake kutoka Dar es Salaam kununua vitenge na vyombo, wakafikia nyumba ya wageni kule Zhanxi. Wewe hukumfahamu vizuri. Alikuwa mnene, mcheshi, amejifunga mtandio wa rangi ya malimau, na kwa kuwa yeye ni mtu wa Pwani nami ni mtu wa Tabora, tulikuwa watani tangu kabla ya kuwa wakwe. Siku ya kwanza alipopanda ngazi zetu alisimama mbele ya mlango wa nondo, akashika nondo mbili kwa mikono miwili, akachungulia.

"Hodi gerezani! Mfungwa wangu yuko wapi?"

"Mfungwa amekula na kushiba," nikamjibu. "Wewe vua viatu."

"Bi mkwe, mjukuu wangu mnamfuga kama kuku wa mayai. Na kufuli hili! Ulilitoa benki?"

Alicheka, nami nilicheka kwa meno. Ila neno lile halikunitoka. Kwa wiki mbili alizokaa, kila alipokuona alisema, "Mtoto kafungiwa," na kila mara nilihisi ananiambia kwamba mtu asiyesoma hawezi kulea mtoto katika mji kama huu. Hakusema hivyo. Nilimsikia hivyo.

Siku yake ya kuondoka ilikuwa ya mvua. Angepanda treni asubuhi kwenda Shenzhen, avuke kwenda Hong Kong, apande ndege jioni. Baba yako alikuwa na kontena linalofungwa siku hiyo hiyo, mama yako alikuwa na wanunuzi kutoka Lubumbashi. Nikasema nitamsindikiza mimi. Hapakuwa na mtu mwingine, na mkwe haondoki peke yake kama barua.

Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Ulikuwa na homa tangu jana yake, na asubuhi hiyo ulikuwa umelala usingizi mzito, jasho limekutoka, homa imeshuka. Kukubeba kwenye mvua nisingeweza. Kukuacha kwa mama mwenye nyumba kulimaanisha kumpa ufunguo. Niliona stesheni kutoka dirishani mwetu. Saa yake niliiona. Nikapima: kwenda, kuagana, kurudi, maharage hayatakuwa yameiva. Maharage yalikuwa jikoni, sufuria kubwa, chakula cha mchana cha watu wa duka. Nilipunguza moto. Niliacha mlango wa mbao wazi ili upate hewa, nikafunga wa nondo, nikatia kufuli, nikaweka ndoo ya bluu pembeni, nikashuka.

Sijawahi kumwambia mtu mambo haya kwa mpangilio huu. Usinitazame, andika.

Mkwe wangu nilimkuta mbele ya stesheni, chini ya saa, amekaa juu ya begi lake kama malkia wa mizigo. Swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo.

"Mjukuu wetu yuko na nani?"

"Yuko dukani na mama yake."

"Alhamdulillahi, leo katolewa nje!"

Nilinunua tiketi ya kusindikiza. Ilikuwa karatasi laini ya rangi ya waridi, ndogo kuliko kiganja. Tulipitisha mizigo kwenye mashine ya ukaguzi, tukangoja katika ukumbi uliojaa watu wanaokula tambi, kisha mlango ukafunguliwa na watu wakakimbia. Wachina hukimbilia treni hata kama kila mtu ana kiti chake. Tulipofika jukwaani, mkwe wangu alisimama mlangoni mwa behewa, akanipa mkono.

"Basi, bi mkwe, ahsante. Ninyi watu wa bara mnasindikiza mpaka mlangoni, kisha mnarudi mbio kuhesabu vijiko kama mgeni kaviiba."

"Na ninyi wa Pwani," nikasema, "mgeni akipiga hodi mnamwuliza anarudi lini. Toa begi hilo. Utaona watu wa Tabora wanavyosindikiza."

Nikapanda. Nilimtafutia kiti kwa kumwonyesha mhudumu tiketi yake, nikaliinua begi lake, zito kama limejaa mawe, nikalisukuma juu. Nikakaa kiti kilichokuwa kitupu pembeni yake. Tukazungumza. Alinipa salamu za watu wa nyumbani, akanilalamikia miguu yake. Nami nilikuwa nikisikiliza kwa sikio moja, kwa sababu jingine lilikuwa linangoja filimbi ya kwanza.

Hakuna filimbi iliyolia. Mlango ulijifunga kwa sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi, na jukwaa likaanza kusogea nyuma.

Niliinuka, nikaenda mlangoni, nikaupiga kwa viganja. Mhudumu alikuja akanivuta kwa upole, akinionyesha kiti. Nilitazama jukwaani kutafuta mtu wa kumpungia. Alikuwepo mmoja, kijana wa sare, amesimama wima, ametutazama tukipita, na mkononi hakuwa na kitu.

Mkwe wangu alikuwa anacheka mpaka mtandio umemteremka. "Watu wa Tabora! Kweli mmenishinda! Unanifikisha mpaka Dar es Salaam?"

Nilikaa. Nikamwuliza mhudumu kwa vidole tutasimama lini. Akaonyesha mbele, akasema jina la mji aliokuwa anakwenda mkwe wangu. Treni ile haikusimama popote njiani.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo sababu ya kukuketisha hapa. Mkwe wangu alikuwa na simu mkononi. Simu yangu ilikuwa nyumbani, kwenye chaji. Ningesema neno moja, angempigia mama yako palepale, na mama yako kutoka dukani hadi nyumbani ni hatua ambazo hata wewe unazimaliza kwa robo saa. Lakini nilikuwa nimesema uko dukani. Kuusema ukweli kungekuwa kumwambia mwanamke yule, aliyekuita mfungwa kwa wiki mbili, kwamba nimekufungia na kufuli la ghala, na jiko linawaka.

Nikanyamaza. Nje zilipita nyumba, viwanda, mashamba ya migomba, viwanda tena, na dirisha lile halikuwa na mahali pa kulifungulia. Nilishika ufunguo chini ya kanga yangu. Nilihesabu maji ya maharage. Nilijua nimetia vikombe vingapi, nilijua sufuria ile inakausha haraka upande mmoja. Niliona maji yakipungua kana kwamba nimeinama juu yake. Mkwe wangu alikuwa anasimulia habari za harusi fulani. Nilimwitikia, "Ehe. Ehe." Sijui nilinyamaza kwa muda gani. Huenda nusu ya safari. Sikuwahi kukaa katika chumba chenye kuta nzito kama nusu safari ile, na kuta hizo nilizijenga mwenyewe nikiwa nimekaa.

Maji yalipokwisha katika hesabu yangu, nikasema. Nilisema nikitazama mbele. "Mtoto yuko nyumbani peke yake. Nimefunga kufuli. Maharage yako jikoni."

Aliikatiza habari ya harusi. Nilingoja anitukane, na ningependa anitukane. Yeye aliinua simu. Alimpigia mama yako. Simu haikupatikana, maana duka lilikuwa ghorofa ya chini kabisa ya jengo, chini ya ardhi. Alimpigia baba yako. Iliita bila kupokelewa, mara nne, mara tano. Aliyekuwa karibu nawe kuliko watu wote alikuwa mama mwenye nyumba, na namba yake hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo hakuna kati yetu ambaye angejua kumwambia neno. Kichina changu chote kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, sitaki, bosi. Huwezi kumwokoa mtoto kwa maneno hayo.

"Kwa nini hukusema mapema, dada yangu?" akaniuliza. Hakuwahi kuniita dada kabla.

Alinishika mkono, tukakaa hivyo mpaka Shenzhen.

Kule nilihitaji tiketi ya kurudi, na dirishani walitaka pasi. Pasi yangu ilikuwa uhamiaji, na karatasi yake ilikuwa nyumbani pamoja nawe. Mkwe wangu alisukuma pasi yake chini ya kioo, akanunua tiketi kwa jina lake, akanitia tiketi hiyo kiganjani. Mlangoni waliangalia tiketi tu. Hivyo nilirudi Guangzhou kwa jina la mwanamke niliyemdanganya. Yeye alibaki amesimama nje ya kizuizi na begi lake zito, hana wa kumbebea.

Nilipotoka stesheni nilikimbia. Mimi, mtu mzima, nilikimbia kati ya mikokoteni na marobota, watu wakinipisha. Ngazi zetu zilikuwa zinanuka moshi kuanzia ghorofa ya pili.

Niliyoyakuta kwa macho yangu ni haya. Mtu mmoja, fundi wa vitasa wa uchochoroni kwetu, alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango, ana msumeno wa chuma, anakata kufuli langu. Amefika nusu. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa sakafuni, amepenyeza mkono wake wote mpaka begani kati ya nondo, na wewe ndani umekaa umeshika vidole vyake viwili. Mdomo wako ulikuwa na chenza. Maganda yalikuwa yametapakaa pande zote mbili za mlango. Mtungi wa gesi, uliokuwa nje kwenye ngazi kwa sababu jiko letu lilikuwa dogo, alikuwa ameufunga yeye. Alisikia harufu, akapanda na ufunguo wake wa akiba, akafungua kitasa, akakutana na kufuli la Tabora. Akafunga gesi. Akapiga kelele kupitia dirisha la ngazi fundi aitwe. Kisha akakaa nawe, moshi ukimpita juu ya kichwa, mpaka nilipofika.

Hukulia. Uliponiona ndipo ulipolia.

Nilifungua. Fundi alikusanya vifaa vyake. Mama mwenye nyumba alikaa pale pale akisugua bega, akasema maneno mengi. Sikuelewa hata moja, na nilielewa yote. Nilikushika. Nilisugua ukuta wa jiko mpaka masizi yakabaki kivuli tu, nikaitupa sufuria, nikafungua kila dirisha.

Mama yako alirudi jioni. Kabla hajafika kwetu alikuwa ameambiwa na watu wa chini kwamba mwenye nyumba amemleta fundi kukata kufuli letu. Akaliona kufuli, limekatwa nusu. Siku hizo watu wetu wengi walikuwa wanaondolewa vyumbani na wenye nyumba waliopata wapangaji bora, na mama yako akaona zamu yetu imefika. Alishuka ngazi. Nilimsikia akifoka, na yule mama akijibu kwa sauti ile kubwa, akionyesha juu, akionyesha pua, akionyesha bega lake. Mama yako hakuelewa, hakutaka kuelewa. Akapanda, akaniuliza.

"Mama, ulikuwepo? Ni kweli walitaka kutuvunjia?"

Mlango ulikuwa wazi. Yule mama alikuwa amesimama chini ya ngazi, anatazama juu, anangoja niseme. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na kwa Kiswahili, lugha yangu.

Nikasema, "Kufuli limekatwa, si unaliona?"

Hilo ndilo nililosema. Halikuwa uongo. Mwezi haukuisha tukahama, tukaja hapa. Mama yako hakumsalimu tena yule mama, na wewe ukafundishwa kupita upande wa pili wa uchochoro.

Mkwe wangu hakulitoa jambo hili kwa mtu. Alinipigia simu kutoka Dar, akauliza jambo moja tu: "Mzima?" Nikasema mzima. Hakunitania tena kuhusu kufuli mpaka alipofariki, na kimya chake kiliniuma kuliko utani wake. Baada yake nimebaki peke yangu na jambo hili. Nimekaa nalo ndani miaka kumi na minne. Miguu imekataa, nyumba hii iko juu, nashinda dirishani na nondo zake, naiona saa ya stesheni. Tiketi za kusindikiza wameziacha zamani; sasa asiye na tiketi ya safari haingii hata ukumbini. Na treni nyingi zimehamishiwa stesheni mpya za pembeni mwa mji. Ila yako, umesema, inatoka hapa.

Wiki ijayo unakwenda chuo, kaskazini. Nitakusindikiza mpaka kwenye kizuizi cha nje, nitasimama hapo. Usinisihi nibaki nyumbani na usigeuke nyuma kutazama kama nalia. Silii.

Sasa sikiliza cha kushika. Ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda changu kuna karatasi ya waridi iliyofifia. Hiyo ni tiketi yangu ya kusindikiza, ishike wewe. Kuna ufunguo wenye uzi, nao ushike. Kuna picha ya baba akiwa na bendera. Hiyo mwachie mama yako. Barua za kaka zangu zichome, hakuna aliyenisomea kwa ukamilifu.

Kufuli usibaki nalo. Lichukue kesho mchana, uende nyumba zile za reli. Yule mama bado anakaa pale chini ya ngazi kwenye kigoda cha mianzi. Nampita kila ninapopelekwa kliniki, na bega lile halinyanyuki vizuri. Wewe unasema lugha yake kama mtoto wake. Mwonyeshe palipokatwa. Mwambie nilikuwa kwenye treni, nilipanda kumuaga mkwe nikasahau kushuka. Yeye atalielewa hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwambie nilikuwa naijua kweli siku ile na nikamwacha atukanwe. Usiilainishe. Kama atataka kunitukana, nukuu vizuri uniletee. Mpelekee chenza, ila zisiwe ndizo jambo la kwanza kumpa.

Ukirudi kutoka kwake, umsomee mama yako karatasi hizi. Mimi nitakuwa nimekaa hapa hapa, sitoki chumbani.

Haya, nisomee sasa tangu mwanzo, nisikie. Ukifika kwenye maharage usiruke.